Minyororo ya huduma kwenye SDN: nani amewahi kuibadilisha trafiki ikiwa inapita?

Fundi Pakiti (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu. Naleta jambo lililoninyima usingizi wiki nzima, na najua humu kuna waliolipitia.

Tuna mnyororo wa kawaida tu. Trafiki inaingia, inapita faiawoli, inakwenda kwenye mtambo wa kunusa uvamizi, halafu kisawazisha mzigo, ndipo inafika kwenye seva. Huduma zote ziko kwenye mashine pepe, swichi zinaongea OpenFlow (lugha ya kupokea amri kutoka programu ya nje), na kidhibiti kimoja ndicho kinachoamua nani apite wapi. Ndiyo SDN yenyewe, mtandao unaoongozwa na programu. Jumatano faiawoli ikaanza kuzidiwa. Nikawasha nakala ya pili, nikakiagiza kidhibiti kihamishie huko nusu ya trafiki. Haikupita sekunde, kidhibiti kikajibu kuwa kazi imekwisha. Nikajipigia makofi.

Dakika mbili baadaye simu zikaanza. Ajabu ni kwamba anayefungua ukurasa upya hana shida yoyote, ila aliyekuwa katikati ya kupakua faili, au aliyeingia kwenye seva kwa SSH (kuiendesha kwa mbali) tangu asubuhi, kakatika. Nikakagua kanuni swichi moja baada ya nyingine, zote sahihi. Pakiti zinafika kwenye faiawoli mpya vizuri kabisa, na faiawoli mpya inazitupa.

Nilichelewa kuelewa, na naona aibu kidogo kuandika. Faiawoli mpya haikuwahi kuona SYN, yaani pakiti ya kwanza ya kufungua muunganisho, ya miunganisho ile. Kwake, pakiti inayoibuka katikati ya mazungumzo ni mvamizi. Njia niliihamisha, kumbukumbu ikabaki kule ilikokuwa.

Michoro yote ninayoiona ya "mnyororo unaobadilika" inaonyesha mshale ukihama kutoka kisanduku hiki kwenda kile, basi. Nyie mnaoifanya hii kazi kila siku, mnahamishaje bila kukata watu?

Chipukizi

Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu, kabla wataalamu hawajashusha nondo, tusaidie sisi wa madarasa ya chini. Mnyororo wa huduma ni kitu gani hasa? Kwa nini usiiweke hiyo faiawoli mlangoni, ukachomeka waya, mambo yakaisha?

Fundi Pakiti

Karibu Chipukizi, swali lako ni la msingi.

Ruta kwa asili yake inajua jambo moja: pakiti hii inakwenda kwa nani, basi niisogeze hatua moja kuelekea huko. Haijui wala haijali kwamba njiani kuna mtu anataka kuikagua. Wewe sasa unataka pakiti ipite kwanza kwa mkaguzi wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu, na wote hao si anwani yake ya mwisho. Hiyo ndiyo maana ya mnyororo: orodha ya huduma zenye mpangilio, ambazo mtiririko fulani lazima uzipitie. Mpangilio una uzito wake. Ukiweka mtambo wa kunusa uvamizi kabla ya kifaa kinachofungua usimbaji wa TLS, unanusa kelele tupu. Ukiweka NAT (kifaa kinachobadilisha anwani za pakiti) mbele ya faiawoli, kanuni zako za anwani za ndani zinakuwa hazina maana tena.

Kuchomeka waya ndivyo ilivyokuwa, na kwingi bado ndivyo ilivyo. Tatizo ni kwamba waya haubagui. Trafiki yote inapita kwenye vifaa vyote, hata ile isiyohitaji, kwa hiyo unanunua faiawoli ya kubeba mzigo wa jengo zima. Ukitaka wageni wapite njia moja na mfumo wa malipo njia nyingine, unaanza kushona VLAN (mitandao midogo ndani ya waya mmoja) na kuandika kanuni za kuelekeza kwa sera kwenye ruta tatu. Kila badiliko ni mkono wa mtu, usiku, na moyo ukidunda.

Mambo mawili yakabadilisha hali. OpenFlow, iliyoandikwa Stanford mwaka 2008, ikaiwezesha programu ya nje kuiambia swichi la kufanya. Halafu Oktoba 2012 kundi la kampuni kubwa za simu likatoa waraka wa NFV, yaani kugeuza huduma za mtandao kuwa programu, likisema limechoka kununua sanduku maalumu kwa kila huduma. Huduma na ziwe programu juu ya seva za kawaida. Faiawoli ikishakuwa mashine pepe, inaweza kuzaliwa na kufa ndani ya dakika. Waya hauwezi kuikimbiza. Hapo ndipo mnyororo unapolazimika kufungwa na kufunguliwa na programu.

Dada wa Rafu

Fundi, pole. Kosa lako nimelifanya mara mbili, na mara ya pili sikuwa na kisingizio.

Kwanza tuambie mnatumia nini kubeba mnyororo. Ni NSH (heda maalumu ya mnyororo), au mmeandika kanuni tupu za OpenFlow zinazotazama anwani na bandari kila hatua?

Fundi Pakiti

Tulianza na kanuni tupu. Zikafurika. Meza ya kanuni kwenye swichi ina kikomo, na kila mtiririko ulikuwa unakula nafasi kwenye kila swichi unayoipita. Tukahamia NSH mwaka jana, kupitia swichi za programu.

Dada wa Rafu

Vizuri, basi jibu lako liko ndani ya NSH yenyewe, ila hukulitumia. Niwaelezee na wengine.

Usanifu uko kwenye RFC 7665 ya 2015 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti). Kuna kiainishi kinachokaa mlangoni, kinaitazama pakiti mara moja na kuamua mnyororo wake. Kuna vielekezi vinavyoipeleka kutoka huduma hadi huduma. Na kuna huduma zenyewe. NSH, RFC 8300 ya Januari 2018, ni heda, yaani maelezo ya mwanzo, ambayo kiainishi kinaibandika juu ya pakiti. Ndani yake kuna namba mbili za kuzishika. SPI ni namba ya njia, biti 24, yaani njia zaidi ya milioni 16. SI ni kihesabu cha biti 8. Kwa kawaida kinaanza 255, na kila huduma inapomaliza kazi inakipunguza kwa moja. Kielekezi hakihitaji kujua anwani wala bandari. Kinatazama jozi ya SPI na SI, kinasoma kwenye meza yake "37 na 254, peleka pale", kwisha. Jozi ikiwa haimo mezani, pakiti inatupwa.

Sasa angalia ulichofanya. Uliingia kwenye meza ya kielekezi, ukabadilisha maana ya SPI iliyokuwa inatumika. Pakiti zote zenye namba ile, za muunganisho wa zamani na mpya, zikageuza uso kwa pamoja. Ni kama kubadilisha namba ya basi wakati abiria wako ndani.

Usiiguse SPI iliyo hai. Tengeneza mpya. Njia ya zamani ibaki 37, ya faiawoli ya pili iwe 38. Panga kwanza vielekezi vyote viijue 38, ukianzia mwisho wa mnyororo kurudi mwanzo. Kisha nenda kwenye kiainishi: muunganisho mpya upewe 38, wa zamani uendelee na 37 mpaka ufe kifo chake. 37 ikibaki tupu, ifute.

Nadharia Tu

Dada kaupiga mwingi. Wazo hilo lina asili yake pia: Reitblatt na wenzake, 2012, wanaita mabadiliko ya awamu mbili. Unaweka kanuni mpya ndani ya mtandao zikiwa na alama ya toleo jipya, hakuna pakiti inayozigusa. Halafu unageuza ukingoni tu, pakiti zianze kuvaa alama mpya. Kila pakiti inaona ama mtandao wa zamani mtupu ama mpya mtupu, haioni mchanganyiko.

Ila wao wenyewe walitofautisha ahadi ya kila pakiti na ahadi ya kila mtiririko. Ya kwanza ni rahisi. Fundi anahitaji ya pili, na hapo ndipo pagumu, maana kiainishi lazima kijue muunganisho upi ni wa zamani.

Chipukizi

Na kitajuaje?

Dada wa Rafu

Kiainishi chenyewe kinakuwa na kumbukumbu. Kwenye Open vSwitch, ambayo ni swichi ya programu, unaipitisha pakiti kwenye meza ya miunganisho ya kernel, kiini cha mfumo endeshi. Ikiwa ni muunganisho mpya, unachagua SPI, unauandika muunganisho huo ukiwa na alama yenye namba ya SPI. Pakiti zinazofuata hazichaguliwi tena, zinasoma alama tu. Kwa hiyo ukibadilisha sera, inawapata wanaoingia, waliomo ndani hawaguswi.

Angalizo: alama hizo lazima ziwepo kabla ya siku ya mabadiliko. Ukikurupuka kuziweka siku hiyo hiyo, miunganisho yote iliyopo itaonekana haina alama. Hao wasio na alama wape SPI ya zamani kama chaguo-msingi, na mpya itolewe kwa SYN peke yake.

Mzee wa CLI

Nimewasoma vijana. Sasa niwaulize. Nimeendesha mtandao wenye mnyororo wa kudumu miaka mingi, kanuni za sera kwenye ruta mbili, faiawoli pacha zinazonakiliana kumbukumbu zenyewe. Moja ikifa, nyingine inaendelea na hakuna anayejua. Sijawahi kuhitaji SPI wala SI. Hii ya kwenu inatatua tatizo gani ambalo hamkujitengenezea wenyewe?

Na tusidanganyane kuhusu NSH. Faiawoli ngapi za kibiashara mnazozijua zinaisoma? Nyingi zikiona heda hiyo zinatupa pakiti. Mnaishia kuweka proksi, programu ya kati, mbele ya kila huduma, iivue NSH, iipe huduma pakiti tupu, kisha iivike tena. Mmeongeza kifaa cha kuharibika.

Fundi Pakiti

Shikamoo Mzee. La kwanza nakupa nusu. Mwenye minyororo miwili isiyobadilika mwaka mzima, abaki na ulichonacho. Mimi mwenyewe ningebaki. Sisi tunapandisha na kushusha nakala za huduma mara kadhaa kwa siku, na kila mteja wa ndani ana mnyororo wake. Mikono haitoshi.

La pili nakupa lote. Proksi ndiyo sehemu ninayoichukia kuliko zote. Inapoivua NSH lazima ikumbuke pakiti hii ilikuwa ya SPI ipi, ili ikirudi kutoka kwenye huduma iivike ileile. Inakumbuka kwa anwani na bandari. Huduma ikiwa ni NAT, pakiti inarudi na sura nyingine, proksi inabaki inashangaa. Nilishawahi kuona pakiti zikitoka zikiwa zimevikwa njia ya mteja mwingine.

Mzee wa CLI

Marahaba. Kwenye hiyo NAT mlitokaje?

Fundi Pakiti

Kijima. Kila mnyororo unapoingia kwenye NAT unapewa VLAN yake, na NAT ikitoa pakiti inaiacha VLAN ileile. Proksi inasoma VLAN badala ya anwani. Biti 12 tu, kwa hiyo namba 4094 za kutumia, lakini kwa proksi moja zinatosha na kubaki.

Nadharia Tu

Kulikuwa na pendekezo la FlowTags, 2014, kwamba huduma yenyewe ibandike lebo kwenye pakiti ikieleza imebadilisha nini, ili wanaofuata wajue asili yake. Zuri sana kwenye karatasi. Linataka mwenye programu ya faiawoli akubali kuirekebisha, na hapo hadithi nyingi za fani hii huishia.

Hali ni hiyohiyo kwa OpenNF ya mwaka huohuo. Swali la Fundi lina jibu la pili ambalo halijatajwa: badala ya kungoja miunganisho ya zamani ife, hamisha kumbukumbu yenyewe. Kidhibiti kinaiambia faiawoli A "nipe kumbukumbu ya mitiririko hii", kinaimimina faiawoli B, na pakiti zinazofika katikati ya zoezi zinashikiliwa pembeni ili isipotee hata moja wala mpangilio usivurugike. Waliifanya ikafanya kazi, kwa kurekebisha programu kama Bro (ya kunusa uvamizi) na Squid (proksi ya wavuti). Kwa faiawoli ya kununua ambayo huoni ndani, sahau.

Mhandisi Njia

Mimi nashangaa bado mnaongea NSH. Tumieni SRv6, njia ya kuelekeza pakiti juu ya IPv6. Orodha ya vituo inakaa ndani ya pakiti yenyewe, katikati ya mtandao hakuna meza ya SPI ya kutunza. RFC 8754 ya 2020. Ukitaka kubadilisha mnyororo unabadilisha orodha mlangoni, basi.

Dada wa Rafu

Kaka, SRv6 naipenda, ila piga hesabu. Kila kituo kwenye orodha ni anwani ya baiti 16. Vituo vitatu ni 48, ongeza 8 za mwanzo wa heda, ongeza heda ya nje ya IPv6 baiti 40. Hizo ni 96 juu ya kila pakiti, hata ile ndogo ya ACK, ya kusema tu "nimepokea". NSH ya kawaida ni 24, ingawa nayo inahitaji kitu cha kuibeba, kwa hiyo pengo si kubwa kama linavyoonekana.

Na muhimu zaidi: ukiwa na SRv6, faiawoli ya Fundi ingezitupa pakiti zilezile kwa sababu ileile. Hujaigusa shida yake.

Mhandisi Njia

Hapo kwenye kumbukumbu umenishika. Nakubali.

Chipukizi

Hizi baiti za ziada zina madhara gani? Si mtandao una kasi?

Dada wa Rafu

Ooh. Hili limenipotezea wikiendi nzima, ngoja niliseme.

Ethaneti ya kawaida inabeba pakiti ya IP ya baiti 1500. VXLAN, bahasha inayoibeba pakiti kati ya seva, inaongeza kama 50, NSH 24, unafika 1574. Swichi ya katikati iliyobaki na 1500 inaitupa. Sasa angalia ujanja wa tatizo: ping inapita, kuingia kwa SSH kunapita, ukurasa mdogo unafunguka, maana pakiti zake ni ndogo. Faili kubwa linaganda. Ujumbe wa ICMP (taarifa za mtandao) wa kumwambia mtumaji "punguza ukubwa" mara nyingi unazuiwa na faiawoli iliyomo kwenye mnyororo uleule. Unakaa unailaumu seva. Pandisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya mtandao wa chini mpaka 9000 kabla hujaandika kanuni hata moja ya mnyororo.

Mzee wa CLI

Hilo nalipigia mstari. Na njia ya kurudi je? Sijaona mtu akiigusa.

Fundi Pakiti

Mzee umeona mbali. Majibu yanapotoka kwenye seva lazima yapite faiawoli ileile ambayo maombi yaliingilia, kwa mpangilio uliogeuzwa. Ukiwa na nakala mbili na unagawa kwa heshi (namba inayokokotolewa) ya anwani na bandari, kwenda kunatoa namba moja na kurudi kunatoa nyingine, kwa sababu mtumaji na mpokeaji wamebadilishana nafasi. Nusu ya majibu inaangukia faiawoli isiyowajua. Sisi tunapanga anwani ndogo kwanza ndipo tunapiga heshi, kwenda na kurudi zinafanana. Lakini mnyororo ukiwa na NAT katikati, ujanja huo unakufa, na kiainishi cha upande wa pili lazima kisome kumbukumbu badala ya heshi.

Nadharia Tu

Jambo moja dogo kuhusu ile "kazi imekwisha" ya kidhibiti chako. Kwenye OpenFlow, ukituma kanuni na ikakubalika, swichi haikujibu kitu. Inaongea ikikosea tu. Ukitaka uhakika unatuma ombi la kizuizi (barrier), ambalo swichi inalijibu ikishamaliza amri zilizotangulia, na kusubiri jibu lake. Hata hapo kuna swichi zinazojibu wakati kanuni iko kwenye programu na bado haijashuka kwenye vifaa. Kwa hiyo kidhibiti chako huenda kilimaanisha "nimetuma".

Fundi Pakiti

Kilimaanisha hivyo hasa. Nimeangalia kumbukumbu zake jana. Sasa tunasubiri kizuizi, kisha tunapitisha pakiti ya majaribio kwenye SPI mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo kiainishi kinaguswa.

Chipukizi

Swali la mwisho jamani. Huduma ikifa ghafla katikati ya mnyororo? Hapo huna muda wa kusubiri watu wamalize.

Mzee wa CLI

Hapo mwanangu si suala la ufundi tena. Mtambo wa kunusa ukifa, ruka, trafiki ipite. Faiawoli ikifa, zuia. Ila yaandikwe mapema na mwenye mamlaka asaini, kwa sababu saa nane usiku kila mtu atakwambia ruka.

Fundi Pakiti

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Tumefanya zoezi upya juzi kama Dada alivyoelekeza: alama kwenye kiainishi siku tatu kabla, SPI mpya kuanzia mkiani, kizuizi, pakiti ya majaribio, ndipo SYN mpya zikapewa njia mpya. Hakuna simu iliyopigwa. Trafiki ya wavuti ilihama karibu yote kabla sijamaliza kuandika ripoti.

Kilichobaki ni mkia. Miunganisho ya hifadhidata haifi kamwe, inafunguliwa programu inapowashwa na kukaa hapo. Na ile iliyokufa kimya upande mmoja bado inaonekana hai, kwa sababu meza ya kernel ya Linux kwa kawaida inaushikilia muunganisho wa TCP uliokamilika siku tano kabla ya kuufuta. Nimepunguza muda huo, na wenye programu za hifadhidata nimewaomba waziwashe upya moja moja.

Mpaka leo asubuhi SPI ya zamani ina muunganisho mmoja. Nimemtafuta mwenyewe nikampata, ni mfumo wa nakala rudufu, na anasema usiguswe mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo faiawoli nzima iko hewani kwa ajili yake peke yake.

Dada wa Rafu

Mhamishie huyo kwa mkono usiku, Fundi. Akiuliza, mwambie ni kizuizi.